Usilaumu Otopailoti, Shika Mita Kwanza

Wasee, hii tabia ya kubadilisha kifaa kabla ya kupima waya inatumaliza. Na sisemi simu pekee. Chukua mashua ya matanga ya miaka ya themanini, kama zile za wageni zinazotia nanga Kilifi. Otopailoti inazima kila mawimbi yakikaza, skrini ya kina inapotea, na jibu la haraka ni: nunua mpya. Zii.

Mota inapovuta usukani kwa nguvu, inakula umeme mwingi ghafla. Kama chumvi imeotesha kutu ya kijani kwa vichwa vya waya, volti zinaanguka na kompyuta inajizima. Kifaa chenyewe kiko sawa!

Kwa hivyo usipime betri ikiwa imelala tu. Pima mota ikizunguka. Betri ikisoma 12.5 na kwa kifaa uone 10.5, volti 2 zimepotelea njiani: waya, fyuzi ama swichi. Hapo ndipo pa kusafisha.

Na mashua ikienda kombo bila sababu, cheki dira ya umeme. Pengine mtu ameweka spika kando yake, na sumaku inaidanganya.

Hii si story ya pesa tu. Usiku baharini, watu wawili wamechoka, otopailoti ndiyo inawapa usingizi. Ukiwauzia sanduku jipya ukaliunga kwa waya ileile mbovu, litazima vilevile, na wao wako mbali na nchi kavu.

Fundi anayekisia ni hatari. Mita haikisii. Unabisha? Leta vipimo.