Inaimba, Lakini Siyo Ile Uliyolipia

Mwezi huu kuna barua imenifanya niahirishe kila kitu nilichopanga kuandika. Imetoka kwa binti mmoja wa Sinza. Mchumba wake ameletewa diski ya Pink Floyd kutoka ng'ambo, ile The Dark Side of the Moon, na juu ya kava pameandikwa Super Audio CD. Kaka wa watu anaitia kwenye kompyuta, anazima taa, anafumba macho, kisha anasema anasikia vitu ambavyo hajawahi kuvisikia maishani. Binti naye anatega sikio mpaka shingo inauma, hasikii tofauti yoyote na CD ya siku zote. Anaambiwa hana masikio. Mpaka hapo ungesema ni utani wa wapenzi, lakini sasa kaka anataka wachomoe milioni moja na nusu kwenye akiba ya harusi akanunue kisanduku cha sauti cha USB, ili hiyo diski ‘ifunguke’ vizuri. Binti ananiuliza: mimi ni kiziwi, au mwenzangu ananidanganya?

Dada yangu, masikio yako ni mazima kabisa. Na shemeji wala hadanganyi, amependa tu anachosikia. Ila mlichosikiliza wote wawili usiku ule ni CD ya kawaida. Kompyuta yenu haijasoma hiyo Super Audio hata kwa sekunde moja, na hicho kisanduku cha milioni na nusu hakitaifanya iisome.

Ngoja nieleze taratibu, maana nyumba nyingi zenye vijana wapenda muziki zinaingia mkenge hapa. CD tunayoijua ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982. Inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kina biti 16. Mwaka 1999 Sony na Philips wakaja na Super Audio CD, kwa kifupi SACD. Yenyewe inatumia biti moja tu, lakini inapima zaidi ya mara milioni 2.8 kwa sekunde. Ili wasiwatupe wateja wenye deki za zamani, wakatengeneza diski nyingi zenye tabaka mbili: moja ya SACD, nyingine ya CD ya kawaida. Dark Side ya mwaka 2003 ni mojawapo. Ukiiweka kwenye deki ya SACD, inasomwa tabaka ya kifahari. Ukiiweka kwenye redio ya gari au kompyuta, inasomwa tabaka ya CD, na hakuna taa wala ujumbe wa kukuambia umepewa cha mkiani. Inaimba tu, na wewe unatabasamu.

Kwa nini kompyuta isisome? Siyo kwamba haina nguvu. Wenye mali waliifunga tabaka ile kwa ulinzi mkali dhidi ya kunakiliwa, na droo za diski za kompyuta za kawaida hazikupewa funguo. Kwa hiyo hata ukinunua droo ya nje ya USB (laptopu nyingi za siku hizi hazina droo kabisa), hadithi ni ileile. Kipimo rahisi ni diski za SACD zenye tabaka moja tu, ambazo Sony walizitoa mwanzoni. Ukitia moja kwenye kompyuta, kimya! Kompyuta itakwambia diski haisomeki.

Kuna njia ya uchochoroni. PlayStation 3 za mwanzo, zilizotoka mwaka 2006, zilikuwa na uwezo wa kucheza SACD, na mwaka 2011 mafundi wakagundua namna ya kuitoa ile tabaka na kuigeuza faili. Baadaye wakabaini kwamba baadhi ya deki za Blu-ray nazo zinaweza kuituma kwenye kompyuta kwa waya wa mtandao. Faili likishafika, programu kama foobar2000 ikiongezewa kipande chake inalicheza bila tabu. Lakini huko ni kuvunja kufuli, na sheria za nchi na nchi hazifanani, kwa hiyo sikushiki mkono kukupeleka. Kwangu mimi, mwenye diski moja ya SACD na asiyependa kuhangaika atafute deki ya Blu-ray ya Sony yenye alama ya SACD, aichomeke moja kwa moja kwenye muziki wake, kompyuta ikae pembeni. Au anunue albamu yenyewe kama faili la ubora wa juu kwenye duka halali la intaneti, kama lipo.

DVD-Audio ndiyo rafiki wa kompyuta, japo nayo ina mtego wake. Ilitoka mwaka 2000, biti 24, na kwa spika mbili inaweza kufika vipimo 192,000 kwa sekunde. Droo ya DVD inaisoma. Ukiifungua utakuta mafolda mawili, AUDIO_TS na VIDEO_TS. Muziki ule wa hali ya juu umo kwenye la kwanza. Sasa programu nyingi za kuchezea filamu zinakimbilia la pili, ambalo mara nyingi lina sauti iliyobanwa kwa ajili ya deki za kawaida. Unakaa unasikiliza sauti ya filamu huku unawasimulia wageni habari za biti 24! Tafuta programu inayosoma AUDIO_TS. Hiyohiyo foobar2000 ina kipande cha kuongeza kwa kazi hiyo.

Halafu kuna Windows yenyewe. Kwa kawaida inachanganya sauti zote za kompyuta, muziki na milio ya ujumbe, na kuzigeuza ziwe za kipimo kimoja kilichowekwa kwenye mipangilio, mara nyingi 48,000. Ingia kwenye mipangilio ya sauti upandishe kipimo, au iruhusu programu yako ishike kadi ya sauti peke yake. Wenye Mac wafungue Audio MIDI Setup. Kazi ya dakika tano, bure.

Na jamani, spika za bluutuuthi. Nazipenda, za kupikia zinafaa sana. Lakini CD ya kawaida inahitaji kilobiti 1,411 kwa sekunde, wakati LDAC, mojawapo ya njia bora za bluutuuthi, inaishia 990. Yaani hata CD haipiti nzima, sembuse hiyo nyingine. Kama ni usikilizaji wa makini, tumia waya.

Tuje kwenye swali ambalo wauza vifaa hawapendi kuulizwa. Hivi tofauti yenyewe inasikika? Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha jaribio lao. Walicheza SACD na DVD-Audio, kisha wakaipitisha sauti hiyohiyo kwenye kifaa kinachoishusha iwe ya kiwango cha CD, na wasikilizaji wakabahatisha ipi ni ipi. Kati ya majaribio 554, waliopatia ni 276. Ukirusha shilingi utapata hivyohivyo. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary, London, alikusanya majaribio mengi ya watu mbalimbali akapata asilimia 52.3, tofauti ndogo sana lakini ipo, na waliopewa mafunzo kwanza walifanya vizuri zaidi. Ila sikia hili: Meyer na Moran wenyewe walikiri kwamba diski zile nyingi zilisikika vizuri kuliko CD za kawaida, kwa sababu mafundi wa studio waliziandaa kwa uangalifu mkubwa. Utamu umo kwenye mkono wa fundi kuliko kwenye hesabu ya biti.

Kwenye Dark Side kuna jambo jingine ambalo hata bibi yako atalisikia. Tabaka ya SACD ina mchanganyo wa spika sita uliofanywa na James Guthrie, saa zinalia mpaka nyuma ya kochi. Lakini unahitaji hizo spika sita, na deki ya kuzilisha.

Kwa hiyo milioni na nusu? Mimi nisingeigusa. Kama lazima kitumike kitu, laki chache ziende kwenye spika nzuri mbili, na zulia. Ndiyo, zulia! Sebule zetu hizi za marumaru na kuta tupu zinarudisha mwangwi mpaka kinanda kinasikika kama kipo bafuni. Zulia na pazia zito vitamfanyia shemeji kazi ambayo kisanduku cha USB hakiwezi kuifanya.

Na kama bado anabisha, mchezeni mchezo huu Jumamosi. Mmoja ageuze kiti asione skrini, mwingine acheze nyimbo zilezile, mara faili la ubora wa juu, mara lilelile lililoshushwa kuwa la CD. Mara 16, na kila jibu liandikwe kwenye karatasi. Sauti ziwe na nguvu sawasawa kabisa, maana iliyo juu kidogo tu masikio yataipigia kura. Akipatia 12 au zaidi, mwombe radhi mpaka kwa wakwe. Akipatia nane au tisa, vyombo vya wiki nzima ni vyake. Matokeo nitumieni, nitayachapa toleo lijalo.