Bunduki Chini ya Kikao

Neno "walowezi" ni chungu katika sikio la Mkenya. Likitajwa tu, tunakumbuka nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, kipande kilichoning'inizwa shingoni, na mzee aliyegeuzwa mgeni katika shamba la babake. Kwa hiyo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuona ukurasa huu ukiwazungumzia walowezi wa namna nyingine, wale wa Marekani, waliomwasi Mwingereza mwaka wa 1775, wakapigana naye kwa miaka minane, wakamshinda. Tumeona vyema tuwazungumzie kwa sababu habari yao husimuliwa vibaya. Kijana husikia kwamba watu wale walitupa chai baharini, wakashika bunduki, wakawa huru. Kisha simulizi hiyo fupi hugeuzwa hoja, kwamba haki haiji ila kwa mtutu. Atakayeifuata habari yenyewe mwaka kwa mwaka ataona kwamba mtutu ulikuja mwisho, na kwamba hata ulipokuja, uliwekwa chini ya kikao cha watu waliochaguliwa.

Chanzo kilikuwa deni. Mwaka wa 1763 Uingereza ilitoka katika vita vya miaka saba dhidi ya Ufaransa ikiwa na ushindi mkononi na deni kubwa shingoni, na Bunge la London likaona ni haki makoloni 13 ya Marekani yasaidie kulilipa. Mwaka wa 1765 ilipitishwa Sheria ya Stempu. Hati za mahakama, leseni, magazeti, hata karata za kuchezea, zote zilitakiwa kuwa za karatasi yenye muhuri uliolipiwa. Kodi yenyewe haikuwa ya kumfilisi mtu. Kilichowaudhi ni kwamba kila koloni lilikuwa na baraza lake lililochaguliwa, lililozoea kuamua lenyewe kodi za watu wake, ilhali katika Bunge la London hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Walikataa kununua bidhaa za Uingereza, wafanyabiashara wa Uingereza wakapata hasara na kulalamika, na mwaka wa 1766 sheria ile ikafutwa. Lakini siku ileile ya kuifuta, Bunge lilipitisha sheria nyingine ya kutangaza kwamba lina haki ya kuyatungia makoloni sheria katika mambo yote bila kubakiza. Mtawala alirudisha senti akabaki na ufunguo wa sanduku.

Ndugu zetu wa makanisani watapenda kujua kwamba mjadala huo ulikuwa umeanza mimbarini miaka 15 kabla ya stempu. Mwezi wa Januari mwaka wa 1750, mhubiri wa Boston aitwaye Jonathan Mayhew alitoa mahubiri juu ya sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, sura ambayo watawala wa kila zama hupenda sana isomwe. Mayhew hakuikwepa. Aliisoma yote, akaonyesha kwamba Mtume anaeleza mtawala alivyo mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema ya watu. Basi mtawala anayewaangamiza watu amejitoa mwenyewe katika maelezo hayo, na utii ule haumhusu. Mahubiri hayo yalichapishwa na kusomwa kotekote. Hata hivyo, tusidhani kwamba makanisa yote yalisimama upande mmoja. Makasisi wa Kianglikana walikuwa wamekula kiapo cha utii kwa mfalme, na wengi wao walikimbia. Wakweka walikataa kushika silaha za upande wowote; mwaka wa 1777 baadhi yao walikamatwa Philadelphia na kuhamishiwa Virginia bila kufikishwa mahakamani. Waliofanya hivyo ni wapigania uhuru, si mfalme.

Kuna tukio moja ambalo tungependa msomaji atue nalo kidogo. Usiku wa tarehe 5 Machi 1770, askari wa Uingereza mjini Boston, wakiwa wamezingirwa na umati uliowatupia vipande vya barafu na matusi, walifyatua risasi. Watu watano walikufa, na miongoni mwao alikuwa Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa nchi ile. Mji ulitaka kisasi. Aliyekubali kuwatetea askari wale mahakamani alikuwa John Adams, wakili kijana aliyejulikana wazi kuwa adui wa sera za London. Nahodha wao aliachiliwa huru. Askari sita waliachiliwa, na wawili wakatiwa hatiani kwa kosa dogo kuliko la kuua kwa makusudi. Adams alilaumiwa, na aliogopa kwamba angepoteza wateja. Lakini watu waliokuwa wakilalamika kwamba mfalme anachezea mahakama wangesema nini kama wao wenyewe wangewanyima adui zao wakili?

Basi tukifika kwenye ile chai, tunafika tukijua kwamba watu hawa hawakuzuka jana. Tangu mwaka wa 1772 mji wa Boston ulikuwa na kamati ya mawasiliano, ambayo kazi yake ilikuwa kuandika barua kwa miji mingine, kueleza dhuluma iliyotendeka na kuuliza maoni. Miji ilijibu, ikaunda kamati zake, na makoloni mengine yakafuata. Kalamu, karatasi na mjumbe juu ya farasi. Tarehe 16 Desemba 1773 watu wapatao elfu tano walikusanyika katika jumba la ibada liitwalo Old South, kwa kuwa hapakuwa na ukumbi mwingine mjini wa kuwatosha. Walisubiri mpaka giza likaingia, ndipo likaja jibu la gavana kwamba meli za chai hazitaruhusiwa kurudi na shehena yake. Usiku huo makasha 342 ya chai yalipasuliwa na kumwagwa baharini. (Baadaye jeshi la Uingereza liling'oa viti vya ibada katika jumba hilo na kuligeuza uwanja wa kuzoezea farasi. Waliotenda hivyo hawakusahau ni wapi kilifanyika kikao.)

Adhabu ilikuja mwaka wa 1774. Bandari ya Boston ilifungwa, na watu wa Massachusetts wakakatazwa kufanya mikutano ya miji yao zaidi ya mara moja kwa mwaka bila idhini ya gavana. Mkenya anayekumbuka jinsi leseni ya mkutano ilivyotafutwa kwa mkuu wa wilaya, kabla ya sheria ile ya kikoloni kurekebishwa mwaka wa 1997, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Lakini miji ilikutana. Huko Virginia gavana alipolivunja baraza, wajumbe walihamia katika nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na kuendelea na shauri. Mwezi wa Septemba wajumbe wa makoloni 12 walikutana Philadelphia, wakakubaliana kutonunua wala kuuza kitu kwa Mwingereza, na wakaagiza kila mji uchague kamati ya kusimamia jambo hilo. Wanawake walisokota uzi nyumbani ili kitambaa cha Uingereza kikose mnunuzi. Kufikia mwisho wa mwaka ule, nje ya Boston, amri ya gavana wa Massachusetts haikuwa na mtu wa kuitii. Hapakuwa bado na risasi iliyopigwa. Adams, katika uzee wake, aliandika kwamba mapinduzi yalikwisha kufanyika mioyoni mwa watu kabla vita havijaanza, na sisi tunamwamini.

Hatusemi kwamba kamati zile zilikuwa za malaika. Mtu aliyeshukiwa kuwa kibaraka wa mfalme angeweza kupakwa lami ya moto na kubandikwa manyoya mbele ya watoto wake. Wachapaji waliothubutu kutoa maoni tofauti walivunjiwa mitambo. Vita vilipokwisha, makumi ya maelfu ya watu waliobaki watiifu kwa mfalme walihama nchi.

Vita vyenyewe vilianza tarehe 19 Aprili 1775 huko Lexington na Concord, askari wa Uingereza walipokwenda kukamata silaha za wanamgambo. Miezi miwili baadaye kikao cha Philadelphia kilimteua George Washington wa Virginia kuwa jemadari mkuu. Hata wakati huo kiliandika ombi la amani, na mfalme akakataa kulipokea. Tangazo la uhuru lilipitishwa tarehe 4 Julai 1776, na kabla ya majani ya mwaka huo kuanguka jeshi la uhuru lilikuwa limefukuzwa kutoka New York na nusura liishe kabisa. Washington alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Lililomwokoa ni kwamba jeshi lake halikutawanyika: lilivuka mto Delaware usiku wa Krismasi na kuwashtukiza askari wa Kijerumani waliokodiwa na Mwingereza, likakaa Valley Forge katika baridi ya 1777 na 1778, ambako askari wapatao elfu mbili walikufa, wengi kwa maradhi. Ushindi wa Saratoga, Oktoba 1777, uliishawishi Ufaransa kuingia vitani. Tusimfiche msomaji jambo hili: bila fedha, askari na manowari za Ufaransa, Cornwallis asingezingirwa Yorktown wala kusalimu amri tarehe 19 Oktoba 1781. Mfalme wa Ufaransa hakupenda uhuru wa mtu yeyote. Alimchukia Mwingereza tu.

Hatari kubwa kuliko zote ilikuja baada ya ushindi huo. Kikao cha makoloni hakikuwa na mamlaka ya kutoza kodi, na noti zake zilikuwa zimepoteza thamani. Maofisa wa jeshi hawakuwa wamelipwa mishahara kwa muda mrefu. Mwaka wa 1782 kanali mmoja, Lewis Nicola, alimwandikia Washington akidokeza kwamba nchi ingefaa kuwa na mfalme, na mtu wa kukalia kiti hicho alieleweka. Washington alimjibu kwa ukali wa mtu aliyetukanwa. Mwezi wa Machi mwaka uliofuata, kambini Newburgh, zilisambazwa barua zisizo na jina zikiwahimiza maofisa wasikubali kuweka silaha chini mpaka madai yao yatimizwe. Kila mtu alijua maana yake. Jeshi lenye silaha likilidai baraza lisilo na fedha, jibu huwa ni moja, na nchi nyingi za bara letu zimelionja.

Tarehe 15 Machi 1783 maofisa walikutana, na Washington akaingia bila kutarajiwa. Aliwahutubia kwa hoja, akawasihi wasilichafue jina lao, na nyuso hazikulegea. Kisha akatoa barua ya mjumbe mmoja wa kikao ili awasomee, akashindwa kuisoma, akatafuta miwani mfukoni. Wachache sana walikuwa wamewahi kumwona na miwani. Akaomba radhi, akisema kwamba amepata mvi katika utumishi wao na sasa anaona macho nayo yanafifia. Watu wazima waliozoea mizinga walilia. Alipotoka, walipiga kura ya kulitii baraza. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, mkataba wa amani ukiwa umekwisha kutiwa sahihi Paris, alikwenda Annapolis, akasimama mbele ya wajumbe wachache waliohudhuria, akawarudishia hati ya uteuzi wake, akaenda zake shambani. Angeweza kukataa, na pengine hakuna ambaye angemzuia.

Askari wa kawaida hawakufaidi hivyo. Wengi walirudi nyumbani na vyeti vya ahadi badala ya fedha, wakaviuza kwa bei ya kutupa kwa walanguzi. Mwaka wa 1786 wakulima wa magharibi ya Massachusetts, wakiongozwa na watu kama Daniel Shays aliyekuwa nahodha katika vita vile, walifunga mahakama zilizokuwa zikiwanyang'anya mashamba kwa sababu ya madeni na kodi. Safari hii waliotuma wanamgambo kuwatawanya walikuwa serikali yao wenyewe.

Na wapo ambao hawakuhesabiwa hata kidogo. Mtu mmoja katika kila watano wa makoloni yale alikuwa Mwafrika, na karibu wote walikuwa watumwa. Jefferson, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki watumwa, Washington pia. Mnamo Novemba 1775 gavana wa mfalme huko Virginia, Lord Dunmore, alitangaza kwamba watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi lake watakuwa huru. Hakufanya hivyo kwa huruma, lakini maelfu walikimbilia kwa Mwingereza. Wengine, wapatao elfu tano, walipigana upande wa walowezi, na si wote waliopewa uhuru walioahidiwa. Wenyeji wa asili, ambao ardhi ilikuwa yao, walichomewa vijiji vyao zaidi ya 40 na jeshi la uhuru mwaka wa 1779.

Miongoni mwa waliokimbia kutoka shamba la Washington la Mount Vernon mwaka wa 1776 alikuwa mtumwa aliyezaliwa Afrika, aitwaye Harry. Alilitumikia jeshi la Uingereza, na mwaka wa 1783 akapanda meli kutoka New York kwenda Nova Scotia pamoja na wenzake wapatao elfu tatu, jina lake likiwa limeandikwa katika daftari la walioachiliwa. Huko walipewa ardhi mbovu au wasipewe kabisa. Mwaka wa 1792 alivuka bahari tena, akiwa mmoja wa watu wapatao 1,200 walioanzisha mji wa Freetown katika Sierra Leone. Kampuni ya London iliyotawala mji huo ikaanza kuwatoza kodi ya ardhi ambayo hawakuikubali, na katika mwaka wa 1800 walowezi weusi wa Freetown wakaasi. Harry Washington alikuwa miongoni mwao. Alihukumiwa na kufukuzwa mjini. Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 1799, bwana wake wa zamani alikuwa amefariki Mount Vernon, akiacha wosia kwamba watumwa wake waachiliwe baada ya kifo cha mkewe. Harry hakuungoja wosia huo. Alikuwa amejipa uhuru miaka 23 kabla haujaandikwa.