Jiwe na Mahali Pake: Kwa Nini Wanafunzi Washuke Korongoni kwa Miguu

Wanajiografia wa Kiarabu wa karne za kale waliuita mwambao wetu wa Afrika Mashariki nchi ya Zinji. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alipoliona fuvu la kale likichungulia kwenye mteremko wa Korongo la Olduvai, mumewe Louis Leakey alilipa jina la Zinjanthropus, maana yake mtu wa Zinji. Kwa hiyo mwanafunzi wa Moa, aliyezaliwa baina ya mikoko na miamba ya matumbawe na ambaye huenda hajapata kuona nchi kavu ya bara, akifika korongoni hukuta jina la pwani yake limetangulia kufika. Anayo haki ya kwenda kuona ni kwa nini.

Swali langu kwa walimu wenzangu si kama wanafunzi waende. Swali ni jinsi wanavyokwenda. Ziara nyingi za shule huanza garini na kuishia garini: basi husimama ukingoni, mwongoza wageni hueleza kwa dakika ishirini, picha hupigwa, safari hurudi. Ninadai kwamba ziara ya namna hiyo ni nusu ya somo, na kwamba nusu iliyoachwa ndiyo yenye sayansi ndani yake.

Somo la gari

Gari nalo lina somo lake, tusilidharau. Tuliondoka Moa alfajiri na wanafunzi wa kidato cha tatu, tukapita Tanga, Muheza na Segera, kisha tukaelekea kaskazini kupitia Korogwe, Mombo na Same. Milima ya Usambara, na baadaye ya Upare, ilikuwa mkono wa kulia. Kabla ya safari niliwaagiza wanafunzi waandike kila nusu saa mambo matatu tu: rangi ya udongo, aina ya mimea, na upande milima ilipo.

Saa chache baadaye daftari zilikuwa zimejaa jambo ambalo kitabu hulieleza kwa mstari mmoja. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda milima, hewa hupoa, mvuke hugeuka mvua, na upande wa mashariki hunyeshewa. Amani, katika Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Hewa ikishavuka na kushuka upande wa pili huwa kavu. Ndiyo maana Same haifikishi hata milimita 700. Mwanafunzi aliyeona minazi asubuhi na mibuyu yenye vumbi adhuhuri hahitaji kukariri maana ya kivuli cha mvua.

Siku ya pili somo lilirudiwa kwa ukubwa zaidi. Baada ya Karatu barabara ilipanda katika msitu wenye ukungu hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kisha gari likateremka upande wa magharibi, na katika muda usiozidi saa mbili ukungu, miti mirefu na baridi vikatoweka. Mbele yetu palikuwa na nyanda za kijivu, migunga mifupi na upepo wenye mchanga. Korongo la Olduvai limo katika kivuli cha mvua cha nyanda hizo za juu.

Huko wanafunzi walikuta pia mmea uliowafurahisha. Jina Olduvai ni matamshi yaliyopotoka ya neno la Kimaasai oldupai, yaani mkonge mwitu. Watoto wa Tanga wanaujua mkonge kuliko watoto wengi wa nchi hii, lakini mkonge wa mashambani kwetu uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Asili yake ni Amerika. Huu wa korongoni ni mwenyeji, tena si wa jenasi moja na ule. Wanafunzi walisimama na kulinganisha majani. Hilo lisingewezekana kupitia dirisha la basi.

Somo la miguu

Korongo lenyewe lina urefu wa karibu kilomita 48, na kina cha takriban mita 90. Mto wa msimu, utokao upande wa maziwa ya Ndutu na Masek kuelekea bonde la Olbalbal, umeikata ardhi kama kisu kinavyokata mkate wa kumimina, na matabaka yake yako wazi. Chini kabisa kuna mwamba mweusi wa lava wenye umri wa karibu miaka milioni 2. Juu yake limekaa Tabaka la Kwanza, kisha la Pili, la Tatu lenye wekundu usiosahaulika, la Nne, na mengine machanga juu yake.

Ukingoni mambo haya ni rangi tu. Ukishuka kwa miguu, nyuma ya mwongoza wageni na kwa ruhusa yake, rangi hugeuka kuwa vitu. Udongo laini wa mfinyanzi unakuambia kwamba hapa palikuwa na ziwa. Mchanga na kokoto zinakuambia kwamba hapa palipita kijito. Tabaka jembamba la majivu lililogeuka mwamba linakuambia kwamba siku moja volkeno ilipasuka na kufunika vyote. Kila hatua mteremkoni ni miaka elfu nyingi, na magoti huihesabu hata kama akili imechoka.

Majivu hayo ndiyo saa ya korongo. Ndani yake kuna madini yenye potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo ni ya aina inayogeuka polepole, na kiasi chake huwa gesi ya agoni. Nusu yake hugeuka katika muda wa takriban miaka bilioni 1.25. Mwamba ukiwa umeyeyuka, agoni hutoroka. Ukipoa, agoni mpya hunaswa ndani. Basi mtaalamu akipima potasiamu iliyopo na agoni iliyonaswa, anajua mwamba ulipoa lini. Leakey alikuwa amekisia kwamba fuvu la Zinjanthropus lina umri wa miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 vipimo vya njia hii vilitoa jibu la miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio.

Lakini msomaji na azingatie jambo moja: kilichopimwa ni majivu, si mfupa. Mfupa ulipata umri wake kwa sababu ulijulikana umelala wapi kuhusiana na majivu. Ukiuondoa mahali pake bila kuandika, umeuondolea umri.

Jiwe la mwanafunzi mmoja

Tulipokuwa mteremkoni, mwanafunzi wangu mmoja aliokota kijiwe cheupe kinachong'aa kama chumvi ya mawe, akakitia mfukoni. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumpelekea mdogo wake Moa. Mzee aliyetuongoza alimwona.

"Binti yangu, hilo umeliokota wapi?"

"Pale, mzee," akajibu, akionyesha kwa mkono.

Tukatazama. Mkono wake ulikuwa umeonyesha mlima mzima.

Mzee hakukasirika. Alimwambia arudi na kulitafuta shimo dogo ambamo jiwe lilikuwa limekaa. Binti alitafuta kwa muda mrefu juani asilione. Ndipo mzee akatueleza kwamba jiwe jeupe la namna ile, ambalo wanajiolojia huliita kwatizaiti, halizaliwi katika udongo wa pale. Mlima wake ni Naibor Soit, ng'ambo ya korongo, mwendo wa kilomita chache. Likionekana ndani ya udongo wa ziwa, lazima kuna kilicholileta, na mara nyingi kilicholileta ni mkono. Watengenezaji wa zana za kale walilibeba, wakaligonga, wakapata makali ya kukatia nyama. Basi kijiwe kile huenda kilikuwa ushahidi wa safari na kazi ya kiumbe aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Na huenda kilikuwa takataka iliyoporomoka juzi kwa mvua. Mahali pake tu ndipo pangetuambia, na mahali pamepotea.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewafundisha majina ya matabaka, sikuwafundisha kuzuia mikono.

Na wasomaji wasidhani kosa la mahali ni la watoto peke yao. Mwaka 1913 mwanajiolojia wa Kijerumani Hans Reck alikuta korongoni mifupa kamili ya binadamu ndani ya Tabaka la Pili. Aliamini kwamba mtu huyo ni wa umri mmoja na tabaka lile, na mabishano yakadumu kwa miaka mingi. Baadaye ilibainika kwamba maiti ilikuwa imezikwa: watu wa zama za karibu zaidi walichimba kaburi, nalo likapenya hadi udongo wa kale. Vipimo vya kaboni vya mwaka 1974 vilionyesha umri wa takriban miaka 17,000 tu. Bingwa aliona mfupa vizuri, lakini hakuusoma vizuri ukingo wa shimo.

Pingamizi na majibu

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni gharama. Kutoka Moa hadi Olduvai ni safari ya siku mbili kwenda peke yake, na shule nyingi za pwani hazina uwezo huo. Ni kweli, lakini kwa sababu hiyohiyo, shule iliyojinyima ikafika haina haki ya kuridhika na picha za ukingoni. Aliyelipia siku nne za barabara asione ubahili wa saa tatu za miguu.

La pili ni hatari. Jua ni kali, miteremko inateleza, na nyoka wapo. Hayo yanatibiwa kwa maji ya kutosha, viatu vilivyofunika mguu, vikundi vidogo na utii kwa mwongoza wageni. Kwa hali yoyote hakuna ruhusa ya kutembea korongoni bila yeye.

La tatu huniudhi zaidi: kwamba korongo ni mali ya mwalimu wa historia. Katika mteremko mmoja tumekuta fizikia ya atomu, kemia ya miamba, jiografia ya pepo na biolojia ya viumbe. Kinachoyagawa masomo haya ni ratiba ya shule, si maumbile.

Mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila ziara ya shule itengewe angalau saa tatu za kutembea, na kila kikundi cha wanafunzi watano kichore sehemu moja ya mteremko kwa vipimo, badala ya kusikiliza tu. Pili, kabla ya safari wanafunzi wasomewe Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, wajue kwamba vitu vya kale vinalindwa, na waelezwe sababu. Amri bila sababu hudumu hadi mwalimu anapogeuza mgongo.

Tatu, na hili halihitaji nauli, mazoezi yaanzie nyumbani. Mwamba wa matumbawe unaoonekana juu ya maji katika sehemu nyingi za mwambao wetu ulijengwa na viumbe vya baharini wakati bahari iliposimama juu kuliko leo. Wataalamu huhusisha sehemu kubwa ya miamba hiyo na kipindi cha takriban miaka 125,000 iliyopita. Hilo nalo ni korongo, ila limesimama wima mbele ya madirisha yetu. Maji yakipwa, wanafunzi na waende na kamba yenye mafundo ya kila nusu mita. Wapime kimo cha mwamba, wachore matumbawe na chaza walivyolala, waandike tarehe na upande. Wakikuta kigae cha chungu cha kale, wakiache, wachore mahali pake kwa kupima kutoka vitu viwili visivyohama, kisha watoe taarifa. Mwanafunzi aliyezoea hivyo ufukweni hatatia jiwe mfukoni korongoni.

Wanafunzi wangu wameanza. Binti yule wa kijiwe cheupe ndiye aliyeshika kamba siku ya kwanza ya upimaji ufukweni Moa. Mwenzake alipoinama kuokota kipande cha kigae, alimshika mkono, akamuuliza swali aliloulizwa yeye: "Kwanza niambie, kimelala wapi?"

Fuvu la Zinjanthropus lilirudishwa Tanzania mwaka 1965, nalo limehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Ni fahari yetu. Lakini fuvu lenyewe lisingekuwa zaidi ya mfupa wa ajabu kama waliolikuta wasingeandika lilikuwa katika udongo gani, chini ya majivu gani. Kuwafundisha vijana wetu uandishi huo ni kazi isiyohitaji maabara ya gharama. Inahitaji daftari, kamba, miguu miwili, na mwalimu aliye tayari kushuka garini wa kwanza.