Mshale wa Mafuta na Uongo Tuliouzoea

Waswahili husema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mimi niliuona ufupi wake asubuhi moja mwishoni mwa mwaka 2023, katika barabara ya kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam, kabla ya kufika daraja la mto Ruvu. Nilikuwa nimempakia dada yangu mkubwa, ambaye ni mgonjwa wa moyo, pamoja na binti yake na mfuko wa vyeti vya hospitali. Alikuwa na miadi ya kuonwa na daktari bingwa saa tatu asubuhi, miadi aliyoingojea kwa miezi miwili. Ghafla kigari changu cha Kijapani, chenye injini ya cc 1,000, kilikohoa mara mbili, kikapoteza nguvu, kikasimama pembeni mwa barabara. Nikatazama dashibodi. Mshale wa mafuta ulikuwa umetulia juu ya robo tanki.

Jioni iliyotangulia niliingia kituo cha mafuta mjini Morogoro nikasema maneno yale yale ambayo karibu kila dereva wa nchi hii huyasema: "Niwekee ya elfu thelathini." Bei ya lita wakati ule ilikuwa imevuka shilingi 3,000, kwa hiyo nilipata lita tisa na ushee. Dalali aliyeniuzia gari alikuwa ameniambia, "Mzee, hili halinywi mafuta, linanusa tu," akanionyesha karatasi yenye maelezo ya kiwandani: kilomita 20 kwa lita moja. Basi nikapiga hesabu. Lita tisa mara ishirini ni kilomita 180, na kabla sijaongeza kitu mshale ulikuwa tayari unaonyesha robo. Safari yenyewe haifiki kilomita 200. Nikaenda kulala nikiwa sina wasiwasi wowote.

Kijana wa bodaboda alitukuta pale, akanipa shikamoo, akaenda Mlandizi na kurudi na petroli katika kidumu cha plastiki alichokipakata mapajani. Sisi wa Morogoro tunaujua moto wa petroli. Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka, na watu zaidi ya 100 waliokuwa karibu nalo walipoteza maisha. Nilikipokea kidumu kile mikono ikinitetemeka. Tulifika hospitali karibu na adhuhuri. Orodha ya daktari ilikuwa imefungwa, na dada akapangiwa tarehe nyingine baada ya wiki sita. Alinitazama akasema, "Mdogo wangu, usijilaumu, ni gari tu." Namshukuru Mungu hatimaye alionwa, akabadilishiwa dawa, na leo anakwenda sokoni kwa miguu yake. Lakini wiki sita zile alizikaa kitini usiku kucha, miguu imevimba, kwa kuwa akilala chali alikosa pumzi. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikimsikia.

Ndugu msomaji, nimeanza na kisa hiki ili usije ukadhani kwamba naandika juu ya jambo dogo. Wapo watakaocheka wakisema mzee kaishiwa mafuta njiani, sasa katunga hotuba. Wacheke. Ninachosema ni kwamba tumeruhusu vipimo viwili visivyo na mdhamini viingie katika maisha yetu, yaani mshale wa mafuta na ile namba ya kilomita kwa lita, tukaviamini kuliko tunavyomwamini muuza mchele sokoni.

Tuanze na mshale. Baada ya mkasa ule nilimwomba fundi atoe kifaa cha ndani ya tanki anionyeshe. Ni kitu cha kawaida mno. Kuna boya dogo linaloelea juu ya petroli, limeshikwa na mkono wa waya. Mafuta yakipungua boya linashuka, na mkono unasogeza ulimi wa chuma unaosugua juu ya kibao kinachopunguza au kuongeza umeme. Umeme huo ndio unaousukuma mshale kule mbele. Basi ulimi ukisuguliwa miaka kumi na tano huchakaa, kibao hupata alama, boya huweza kukwama. La kwangu lilikuwa limekwama palepale penye robo, na ndiyo maana jioni ile liliniahidi robo ambayo haikuwamo.

Hata kifaa kikiwa kizima, msidhani kinasema kweli tupu. Tanki la gari dogo halina umbo la debe. Limebanwa chini ya viti, lina mabonde na vilima, kwa hiyo nusu ya kina si lazima iwe nusu ya lita. Ukipanda mlima mafuta yanarudi nyuma, ukishuka yanakwenda mbele, na boya hufuata. Tena watengenezaji wengi hupanga makusudi kwamba mshale ukae juu ya "tanki limejaa" kwa muda baada ya kujaza, na ufike mwisho wakati lita kadhaa bado zimebaki. Wanasema ni kwa faida yetu, tusije tukakwama. Mimi naona matokeo yake ni kinyume. Dereva akishajua kwamba sifuri ya mshale si sifuri ya kweli, huanza kuicheza. Leo anakwenda kilomita kumi taa ikiwaka, kesho ishirini, keshokutwa thelathini. Wakati huo huo pampu ya mafuta, ambayo katika magari mengi ya sasa imo ndani ya tanki na hupozwa na petroli yenyewe, inachemka na kunyonya takataka za chini. Akiba tuliyodhani tumeipata tunaenda kuilipa dukani kwa kununua pampu.

Sasa tuitazame ile namba ya kwenye karatasi. Kilomita 20 kwa lita zilipimwa wapi? Magari mengi madogo ya mtumba tuliyoyanunua kwa miaka mingi yalipimwa kwa utaratibu wa Kijapani wa mwaka 1991 uitwao 10-15. Gari haliendi barabarani. Huwekwa juu ya rola ndani ya chumba, injini ikiwa imekwisha kupata moto, likaendeshwa dakika 11 tu, sawa na kilomita 4 na kidogo. Mwendo wa wastani ni kilomita 22.7 kwa saa, na wa juu kabisa ni 70. Kiyoyozi hakifunguliwi. Hakuna shangazi kiti cha nyuma na gunia la mpunga, hakuna foleni ya malori Kibaha, hakuna matuta, hakuna jua la Chalinze. Wajapani wenyewe waliona kwamba utaratibu ule unawadanganya, wakaubadilisha. Ulaya nao, kuanzia mwaka 2017, waliacha kipimo chao cha zamani kwa sababu hiyo hiyo. Waliokiacha wamekiacha, sisi huku dalali bado anatusomea namba zake kama mtu anayesoma hati ya kiapo.

Na hapo bado sijataja ulaghai wenyewe. Mwaka 2012 kampuni za Hyundai na Kia zilikiri kule Marekani kwamba zilikuwa zimetangaza kilomita nyingi kuliko ukweli kwa magari yapatayo 900,000. Aprili 2016 Mitsubishi Motors ilikiri kwamba takwimu za vigari vyake vidogo vya petroli zilikuwa zimepotoshwa. Magari 625,000 yalihusika, na mengi kati ya hayo yalikuwa yameuzwa kwa jina la Nissan. Sisi Watanzania tuna neno letu kwa kazi ya namna hiyo. Tulilizoea kwa watu waliochanganya mafuta ya taa na dizeli: kuchakachua. Kumbe hata namba huchakachuliwa.

Hebu tujiulize swali moja. Kwa nini mkulima akishindiliwa lumbesa tunapiga kelele mpaka serikali inaipiga marufuku? Kwa nini mizani ya muuza nyama hukaguliwa? Kwa nini pampu ya kituo cha mafuta hupimwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, na EWURA hututangazia bei kikomo kila mwezi? Ni kwa sababu tulikubaliana kwamba anayelipa ana haki ya kujua alichopata. Lakini petroli ile ikishapita mdomo wa pampu na kuingia tanki, haki hiyo hukoma. Hata ndani ya gari lenyewe kuna upendeleo. Kipima mwendo kina kanuni ya Umoja wa Mataifa, namba 39, isemayo kwamba hakiruhusiwi kamwe kuonyesha mwendo mdogo kuliko wa kweli, na kikizidisha kisivuke kiwango kilichowekwa. Mshale wa mafuta, uliokaa sentimita chache kando yake, haumo katika kanuni ile. Mmoja wa majirani hawa wawili anachungwa, mwenzake ameachwa aseme apendavyo.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza: gari lako ni kuukuu, ulitarajia nini? Najibu kwamba gari kuukuu ndilo gari la nchi hii, na breki kuukuu hatuzisamehe. Wanaokagua magari ya mitumba huangalia breki, taa na matairi, na wanafanya vema. Kumwaga lita tano ndani ya tanki tupu na kutazama mshale umepanda kiasi gani hakumchukui mkaguzi muda mrefu.

La pili: mwenye gari si maskini, aache kulia. Huyu hajapanda teksi siku hizi. Vigari hivi vya cc 1,000 ndivyo vinavyowalisha vijana wetu mjini. Wengi wao gari si lao. Wana hesabu ya kumpelekea tajiri kila jioni, na kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho ugali wa watoto. Kijana anayeamini kilomita 20 kwa lita na kupata 11 kwenye foleni anafanya kazi kwa hasara bila kujua, akidhani ana mkosi au ameibiwa pampuni. Nimewasikia wakiwatukana wahudumu wa vituo vya mafuta kwa dhambi ambayo, mara nyingi, si ya wale wahudumu.

La tatu ndilo zito, nami nalikubali nusu: kosa ni lako mwenyewe, ungejaza tanki. Kweli. Tabia yetu ya kununua mafuta kwa shilingi badala ya lita imetufanya tusijue tunachokula. Anayesema "ya elfu kumi" leo, na "ya elfu tano" kesho, bei nayo ikibadilika kila mwezi, hawezi kamwe kujua gari lake linakula kiasi gani. Tena anaishi siku zote chini ya robo, mahali ambapo kosa dogo la mshale ndilo linalokuacha njiani. Sisemi hivi kuwadhihaki. Wengi wetu tunanunua kidogo kidogo kwa sababu ndicho tulicho nacho mfukoni. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kudai kipimo cha kweli: mwenye kibaba kimoja cha unga ndiye mwenye haja ya kukijua barabara kuliko mwenye ghala.

Basi nifanye nini mimi, nisiye mbunge wala mkaguzi? Nilinunua daftari la shule la kurasa 48. Mwezi mmoja nilijibana, nikajaza tanki mpaka pampu ikajikata yenyewe, nikaandika kilomita zilizokuwa zikisomeka. Niliendesha kama kawaida, kisha nikarudi kituo kile kile, nikajaza tena mpaka ikajikata. Nilikuwa nimekwenda kilomita 412, na ziliingia lita 34. Gawanya: kilomita 12 kwa lita na kidogo. Nimerudia mara nyingi tangu siku hiyo. Dar es Salaam kwenye foleni napata 10 au 11. Safari ndefu yenye mwendo wa utulivu, upepo wa matairi ukiwa sawa, 14. Ishirini sijaiona hata siku moja, na siitafuti tena. Rafiki yangu aliyeliinua gari lake kwa kulifunga matairi makubwa alikuja na hesabu yake. Nikamwambia hata kilomita zake si za kweli, kwa maana gurudumu kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko kuliko mita inavyodhani.

Daftari halinifanyi niache kudai. Nadai muuzaji wa gari akatazwe kutaja namba ya kiwandani bila kusema ilipimwa kwa utaratibu gani na mwaka gani. Nadai mshale wa mafuta ukaguliwe pamoja na taa na breki. Nadai watengenezaji waweke sifuri mahali pa sifuri, watuachie wenyewe kazi ya kuwa na hadhari. Madai hayo hayahitaji teknolojia mpya. Yanahitaji mtu wa kuona aibu.

Wiki iliyopita dada alikuwa na miadi tena. Jioni kabla ya safari nilimkuta amesimama kando ya gari na daftari mkononi, miwani puani, akisoma kurasa za mwisho kwa kidole. "Umejaza lita ngapi?" akaniuliza. Nikamwambia. Akapiga hesabu yake kimya kimya, akanirudishia daftari, akaingia ndani kupanga vyeti vyake.