Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mama anunuaye matunda katika soko la Kimironko, mjini Kigali, hula tunda na kuitupa mbegu. Lakini Nyungwe, msitu mkubwa wa kusini-magharibi mwa Rwanda, wategemea sana mbegu itupwe wapi, na nani.

Jambo hilo ndilo alilolichunguza Bibi Beth Kaplin, mtaalamu wa ikolojia kutoka Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kima hujaza matunda mashavuni, huenda nayo mbali, kisha huzitema mbegu. Nyingine hutoka na kinyesi. Hivyo mche huota mbali na mti mzazi. Mbegu zilizo kubwa mno huhitaji wanyama wakubwa. Na tembo wa mwisho wa Nyungwe alikufa mwaka 1999. Atowekapo mnyama, mti uliomtegemea huenda ukamfuata.

Hasara hiyo yafika nyumbani. Baadhi ya maji ya mto Nyabarongo, ambayo hunywewa Kigali, chanzo chake ni milima ya Nyungwe.

Elimu hii ingefaa nini kama ingebaki kwa mgeni mmoja? Mwaka 1994, Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza pia wasomi wengi, na vyuo vikaanza upya vikiwa na walimu wachache. Bibi Kaplin alifundisha, akawasimamia vijana wa Rwanda katika utafiti, na baadaye akaongoza kituo cha bioanuwai cha Chuo Kikuu cha Rwanda, huko Huye. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Askari ajua kwamba lindo halifai kitu iwapo zamu ya pili haikuandaliwa. Mti wa msituni huishi kuliko mtafiti. Anayeanza kuupima leo hataumaliza yeye. Mwaka 2023 Nyungwe iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Heshima hiyo yahitaji walinzi wenye bunduki, na wengine wenye daftari.

Basi wazazi, binti au kijana wenu akitaka kusomea wanyama na misitu, msimcheke kwamba ameacha udaktari akafuata kima. Mnunulieni viatu imara na koti la mvua, mkamwombee safari njema. Zamu yake imefika.