Si Ndizi Zinazowakimbiza

Mara kwa mara twasikia maneno yakisemwa juu ya watumishi wanaopelekwa kufanya kazi katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, kwamba hawakai. Mwalimu hufika, muuguzi hufika, bwana shamba hufika. Na hata mwaka haujatimia, barua ya kuomba uhamisho imekwisha kuandikwa. Wenyeji wakiulizwa sababu husema kwamba mgeni ameshindwa na ndizi. Wengine husema ameshindwa na baridi ya vilimani. Sisi hatukubali. Twasema kwamba ndizi zimesingiziwa kwa muda mrefu, na kwamba jambo linalomkimbiza mtumishi ni nyumba.

Hatusemi kwamba chakula si kitu. Mtu aliyekulia Lindi au Pangani, akazoea wali wa nazi na samaki, au aliyetoka Shinyanga, ambako mlo usio na ugali haupewi jina la mlo, akipelekwa kufundisha huko Igurwa ataona mambo mapya tangu siku ya kwanza. Mchana ataletewa ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, na usiku ataletewa ndizi tena. Akienda sokoni peke yake atanunua mkungu kwa furaha kwa kuwa bei yake ni nafuu, aupike, kisha ashangazwe na ukali wake mdomoni. Maana hakuna aliyemwambia kwamba amenunua embire, ndizi za kutengenezea pombe ya rubisi. Atamenya ndizi mbichi bila ya kupaka mafuta mikononi, na utomvu utamganda vidoleni, kesho yake awe kichekesho darasani. Atakaribishwa kahawa, wala si ya kunywa, bali buni zilizochemshwa na kukaushwa, azitafune. Na mwezi wa Novemba ukifika atawekewa mbele yake sahani ya senene waliokaangwa, naye atatazama huku na huku akitafuta mlango. (Hapa twaomba radhi kwa ndugu zetu wa pwani, lakini mtu aliyelelewa kwa kamba na pweza hana haki ya kumwogopa senene.)

Mambo hayo yote ni ya miezi mitatu. Mgeni yule yule, akirudi kwao likizo, ndiye atakayebeba mkungu ndani ya basi na kuwaeleza jamaa zake namna ya kuupika. Tumbo la mwanadamu hujifunza upesi kuliko watu wanavyodhani.

Sasa na tuitazame nyumba. Mtumishi ateremka katika basi pale Kayanga, ana sanduku, godoro na barua ya kupangiwa kazi. Nyumba za watumishi hazitoshi, na katika shule nyingi za vijijini aliyetangulia ndiye aliyekwisha kuingia. Basi hana budi kupanga. Mwenye chumba humtaka kodi ya miezi sita, na pengine ya mwaka mzima, mkononi, kabla hajafungua hata mzigo mmoja. Mshahara wake wa kwanza haujaingia, na posho ya kujikimu aliyoahidiwa na mwajiri aghalabu huja nyuma sana ya mwenye posho. Akope wapi, ilhali hajulikani na mtu? Huchukua kile anachoweza kukilipia: chumba kisicho na dari, maji yako bondeni, na mlango wake hufungwa kwa kipande cha waya.

Miezi sita ikiisha, kodi hupandishwa. Mtumishi huhama, godoro juu ya pikipiki. Chumba cha pili kiko mbali na shule, na wakati wa masika njia huwa ni utelezi mtupu. Huhama tena. Mtu aliyehama mara tatu katika mwaka mmoja hawezi kupanda hata mchicha, maana hajui nani atakayeuvuna. Na kama ni mwalimu wa kike, kijana, peke yake katika chumba chenye mlango wa waya, je, tutamlaumu akiandika barua ya kuomba aondoke? Barua yake ikikubaliwa, darasa lake hubaki bila ya mtu mbele ya ubao. Hiyo ndiyo hasara, na wanaoilipa ni watoto wa Karagwe, pamoja na watoto wa wenye nyumba wenyewe.

Jambo hili latuuma zaidi kwa kuwa nchi hii haikuanza jana kupokea wageni. Karne ya kumi na tisa wafanya biashara Waarabu na Waswahili walikuwa na makao yao Kafuro, karibu na Bweranyange, mji wa wafalme wa Karagwe. Mwezi wa Novemba 1861 walifika Waingereza wawili, Speke na Grant. Mfalme Rumanyika aliagiza kwamba wageni hao walishwe njiani kwa gharama yake, wala wasitozwe hongo, ambayo walikuwa wametozwa katika nchi nyingi walizopita. Grant akaugua mguu, akashindwa kusafiri; mwenziwe aliendelea na safari ya Buganda Januari 1862, naye akabaki Karagwe, akihifadhiwa mpaka Aprili. Kweli, chakula kile kilitoka katika mashamba ya raia, wala hatusemi ufalme urudi. Lakini yatupasa kujiuliza: ikiwa mpita njia aliyekuja kutafuta chanzo cha mto alipewa mahali pa kulala, vipi huyu aliyekuja kuwafundisha watoto wetu kusoma atozwe mwaka mzima mlangoni?

Twajua kwamba wenye nyumba nao wana neno lao. Mabati na saruji vimenunuliwa kwa fedha za kahawa, ambazo huja kwa msimu. Wako pia wapangaji waliohama usiku wakaacha deni. Hayo ni kweli, na mwenye nyumba apaswa kulindwa. Lakini mtumishi wa umma ana mwajiri, ana kituo cha kazi, na mshahara wake hulipwa kila mwezi. Kumtoza kwa mwezi si hatari kubwa kama inavyosemwa. Sheria ya kuzuia kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mapatano yameachiwa wawili hao, mmoja ana ufunguo na mwingine ana mzigo barabarani. Mapatano ya namna hiyo hayawezi kuwa sawa.

Mgeni naye asijione kwamba hana wajibu. Tumewaona watumishi ambao kwa miaka miwili hawakujifunza hata salamu ya Kinyambo, wakaishi kama watu walio kituoni wakingoja basi. Mtu wa namna hiyo hata akipewa jumba hatakaa. Amwombe jirani amwonyeshe mkungu upi ni wa kupika na upi wa pombe. Ahudhurie misiba ya kijiji. Atapata na chumba kizuri, kwani vyumba vizuri vijijini hupatikana kwa kujuana.

Shule hufunguliwa Januari. Kabla ya siku hiyo kila kijiji chenye shule na zahanati chaweza kukaa na kuandika orodha ya vyumba vilivyo wazi, bei yake kwa mwezi, na jina la mjumbe atakayemlaki mgeni stendi. Waajiri nao wahakikishe kwamba posho inamngoja mtumishi kituoni, na si mtumishi anayeingoja posho. Mahali ambapo wananchi wameanza msingi wa nyumba ya mwalimu na nguzo zimesimama ndani ya majani, zipauliwe. Na ule mlango wa waya utiwe komeo wiki hii.