Miali na Dawa ya Homoni



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya mishahara, nyumba na saa za kazi. Leo twaandika juu ya saratani ya tezi ya kiume. Asiyependa habari za sehemu hiyo ya mwili na avumilie, maana ugonjwa wenyewe hauoni haya.

Wenzetu wengi hudhani kwamba mtu akiisha kupasuliwa na tezi ikatolewa, mambo yamekwisha. Kwa wengi ndivyo. Lakini kwa wengine kipimo cha damu kiitwacho PSA, ambacho baada ya kupasuliwa chapaswa kushuka hata kisionekane, huanza kupanda tena. Hapo madaktari hupiga miali mahali ilipokuwa tezi, na pengine huongeza dawa ya kuzuia homoni ya kiume. Tangu mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alionyesha ya kuwa saratani hii hulishwa na homoni hiyo. Ikizuiwa, ugonjwa hunyong'onyea kama injini iliyokosa mafuta.

Je, dawa mbili ni bora kuliko moja? Huko Amerika ya Kaskazini wanaume 760 walipigwa miali, na nusu yao wakapewa pia vidonge vya homoni kwa miaka miwili. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: baada ya miaka 12, waliopata vyote viwili walikuwa hai 76 katika kila 100, na wa miali peke yake 71. Watu watano si haba. Lakini wale ambao PSA yao ilikuwa bado ndogo sana hawakuonekana kupata faida hiyo. Tena mwaka 2024 uchunguzi wa RADICALS, ulioongozwa kutoka Uingereza, ulionyesha kwamba miezi 24 ya dawa ilizuia ugonjwa kuenea kuliko miezi sita, hali miezi sita haikuonyesha faida ya wazi juu ya miali peke yake.

Na dawa ina bei yake mwilini: joto la ghafula, uchovu, matiti kuvimba, nguvu za kiume kupungua, mifupa kudhoofika. Mtu wa kuunga mabehewa ajua mifupa ni nini.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema kila mtu apewe vyote, wala na wanaokimbia dawa kwa kuogopa kuchekwa. Mwulize daktari: PSA yangu ni ngapi? Uvimbe uliotolewa ulikuwa mkali kiasi gani? Dawa ni ya miezi mingapi? Akikasirika kwa kuulizwa, uliza tena.

Sasa neno kwa waajiri. Miali hupigwa kila siku ya kazi, kwa majuma manne hata saba. Sheria ya Kazi ya 2007 yatulinda kwa siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba kwa nusu mshahara, katika mwaka. Mtu wa Voi au Makindu atalala wapi Nairobi, na watoto watakula nini? Twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, nayo makato hayo hayalipi kitanda cha kulala mjini.

Twataka mapatano yajayo yaandike likizo ya mshahara kamili mpaka miali iishe, nauli, na kazi nyepesi kwa aliye katika dawa. Kila tawi lilete jambo hili katika mkutano wake ujao, lipigiwe kura, na jibu lipelekwe kwa katibu kwa maandishi.